Gari la Spoti la Zamani Dodoma: Kilo Zipi Zitoke, Zipi Zibaki

Mtu anayenunua Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE na kuileta Dodoma haendeshi gari lile lile lililoandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Injini hiyo ya lita 2, isiyo na turbo, ilianza kuuzwa Japani ndani ya Altezza mwaka 1998, na toleo la gia za mkono lilitajwa kuwa na nguvu za farasi 210. Takwimu hiyo ni ya hewa ya usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa huo, ambako hewa ni nyepesi zaidi kwa karibu asilimia 10, na injini inayojivutia hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Farasi 210 wanabaki kama 189, na mchana wa Novemba, jua la kabla ya mvua linapowaka, wanapungua tena.

Uzito haupungui kwa sababu ya mwinuko. Gari hilo lina takriban kilo 1,350 likiwa bandarini Tanga, na lina kilo zile zile likiwa Nkuhungu, hapa Dodoma. Ukigawa, kila farasi mmoja wa Tanga anavuta kilo 6.4, na kila farasi mmoja wa Dodoma anavuta kilo 7.1. Kuirudisha hesabu ya Tanga kwa njia ya uzito peke yake kungedai kuondoa kama kilo 135, ambazo ni karibu magunia mawili ya mahindi yasiyojazwa sana. Ndiyo maana swali la kupunguza uzito linaulizwa mara kwa mara na wenye magari ya spoti ya zamani hapa kwetu, na kwa bahati mbaya mara nyingi linajibiwa kwa haraka: ng'oa siti za nyuma, vua kapeti, toa kompresa ya AC. Baada ya wiki mbili mwenye gari anajikuta na chombo chenye kelele, joto na vumbi, ambacho hakijawa chepesi kwa kiasi alichokitarajia.

Msimamo wangu, baada ya miaka kadhaa ya kulishughulikia gari la aina hii, ni kwamba kilo hazilingani. Ziko kilo ambazo hazina kazi yoyote ndani ya gari. Ziko nyingine ambazo kazi yake hatuioni mpaka zimeondoka. Tena ziko chache ambazo, kwa sababu ya mahali zilipokaa, zinalielemea gari kuliko mizani inavyosema, na hizo ndizo zinazostahili fedha na muda wa mtu anayetaka gari la kuendesha kila siku.

Ni vizuri kwanza kuelewa kwa nini wepesi unatafutwa. Kuongeza nguvu ya injini kunasaidia pale tu unapokanyaga mafuta, ilhali kupunguza uzito kunasaidia unapokanyaga mafuta, unapokanyaga breki na unapokata kona, kwa kuwa katika hali zote tatu ni tairi nne zile zile zinazobeba jukumu la kubadilisha mwendo au uelekeo wa mzigo wote. Gari likiwa kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa limebeba nishati inayolingana moja kwa moja na uzito wake, na ukitaka kusimama, karibu nishati hiyo yote lazima igeuzwe joto kwenye diski za breki. Kwa upande wa injini, kuondoa kilo 50 kwenye Altezza iliyoko Dodoma kunalingana na kuongezewa farasi kama 7, bila kufungua injini na bila kuongeza mafuta yanayotumika.

Kiwanda cha Porsche kiliwahi kuliweka suala hili wazi kuliko maelezo mengi. Gari lake la 911 Carrera RS 2.7 la mwaka 1973 lilikuwa na nguvu za farasi 210, idadi ile ile ya Altezza yetu. Toleo lake jepesi halikufika kilo 1,000: bati la bodi lilikuwa jembamba, vioo vyembamba, siti za nyuma hazikuwepo, na mlango ulifunguliwa kwa kuvuta ukanda badala ya mkono wa kawaida. Toleo la pili lilibaki na starehe zake na likazidi lile la kwanza kwa takriban kilo 100. Katika magari 1,580 yaliyotengenezwa, yale mepesi yalikuwa 200 na yale yenye starehe yalizidi 1,300. Wanunuzi waliokuwa na uhuru wa kuchagua, na ambao fedha hazikuwa kikwazo kwao, kwa wingi wao walikubali kuzibeba zile kilo 100. Sioni kwamba walikosea. Gari la mashindano linakaa barabarani kwa saa moja na kupakiwa kwenye lori. Gari letu linatakiwa lifike Kondoa na kurudi, likiwa na mke na watoto ndani.

Kabla ya kufungua nati hata moja, pima. Watu wengi hutaja uzito wa vitu kwa kukisia, na makisio hayo hupotoka sana, kwa sababu kitu kikubwa cha plastiki huonekana kizito na kipande kidogo cha chuma huonekana chepesi. Mimi nilikwenda kwenye duka la nafaka mtaani kwetu, lenye mizani ya kukanyagia ya kupimia magunia, nikamsalimia mama mwenye duka na kumwomba nipime magurudumu.

“Shikamoo mama. Naomba dakika kumi tu, wateja wakiwa hawajaja.”

“Marahaba, baba. Weka, lakini tandika kiroba kwanza, mahindi ya watu hayatakiwi kunuka mpira.”

Nilitandika kiroba, tukaondoa uzito wake kwenye hesabu, na kwa asubuhi hiyo moja nilijifunza mengi kuliko nilivyokuwa nimejifunza kwa mwaka mzima wa kuuliza. Siti ya nyuma, ya kukalia na ya kuegemea kwa pamoja, ilikuwa kilo 17. Betri ilikuwa karibu kilo 17 nayo, kwa sababu mmiliki aliyenitangulia alifunga betri kubwa kuliko ile gari linayohitaji. Kapeti lote la ndani, ambalo nilikuwa nimeambiwa nilitupe, lilifika kilo 6 tu. Boksi la subwufa pamoja na amplifaya lilikuwa kilo 26. Gurudumu moja, rimu na tairi pamoja, lilikuwa kilo 23 na nusu, na hiyo ndiyo namba iliyonishtua.

Vitu vya buti vinatoka kwanza, na havihitaji maelezo marefu. Subwufa, sanduku la vifaa la kilo 12, dumu la maji la lita 10, jeki ya pili ya chuma iliyosahaulika chini ya zulia: kwa pamoja zilizidi kilo 50, na ziliondoka bila spana. Kilo hizo zilikuwa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo uzito hulifanya gari lizito kugeuka na lizito kuacha kugeuka, kama mtu anayetembea amebeba ngazi ndefu begani na kutakiwa kukata kona uchochoroni.

Mafuta pia ni mzigo. Lita moja ya petroli ina takriban gramu 740, na tangi la Altezza linachukua lita 70, kwa hiyo kutembea mjini na nusu tangi ni kupunguza kilo 26. Sipendekezi kushuka chini ya robo. Pampu ya mafuta ya magari haya imezama ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe, na vipo vipande vya barabara zetu ambavyo kituo cha mafuta kiko mbali.

Sasa turudi kwenye magurudumu, maana hapo ndipo penye faida kubwa na ndipo watu wanapokosea kwa hiari yao. Uzito wa gari umegawanyika sehemu mbili. Sehemu kubwa imekaa juu ya springi: bodi, injini, siti, watu. Sehemu ndogo iko chini ya springi: rimu, tairi, diski, kalipa (kibano kinachobana diski ya breki), habu, na takriban nusu ya mikono inayozishika. Sehemu hii ya chini haina kitu cha kuilainishia njia zaidi ya hewa iliyo ndani ya tairi. Gurudumu likipanda tuta, shokapu na springi zina kazi ya kulizuia lisirushwe juu na kulirudisha chini kabla halijaiacha lami. Likiwa zito, kazi hiyo inazidi uwezo wa shokapu, tairi linaelea kwa sehemu ndogo ya sekunde, na tairi linaloelea halishiki breki wala halikati kona. Juu ya hayo, gurudumu linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: linakwenda mbele pamoja na gari, na linazunguka. Injini inalipia yote mawili. Kilo iliyoko ukingoni kabisa, yaani kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, wakati wa kuongeza mwendo inahesabika kama kilo mbili, na nyongeza hiyo hupungua kadiri uzito unavyosogea kwenye kitovu. Kwa hiyo rimu kubwa yenye umbo la kuvutia si suala la uzito wa rimu peke yake. Inausogeza uzito huo nje, mahali unapodai zaidi.

Gari langu lilikuja na rimu za inchi 18 za kuiga, nene na nzito. Nilirudi kwenye inchi 16, rimu nyepesi za Kijapani na tairi za 205/55, ambazo kimo chake kinakaribiana sana na cha tairi za 215/45 za inchi 17 zilizotoka kiwandani, hivyo spidomita haidanganyi. Kila gurudumu lilishuka hadi kilo 16 na nusu. Kilo 7 mara 4 ni kilo 28, zote chini ya springi na sehemu kubwa yake ikizunguka. Sijawahi kufanya badiliko lingine lolote kwenye gari hilo lililohisika mara moja hivyo: usukani uliacha kutikisika kwenye lami iliyochakaa, na gari likaondoka kwenye taa kwa urahisi ambao mke wangu, asiyejali mambo ya magari, aliuona siku hiyo hiyo bila kuambiwa. Ukuta mrefu wa tairi la inchi 16 ni faida nyingine kwa barabara zetu, kwa sababu shimo linalopinda rimu ya inchi 18 linaishia kwenye mpira.

Kuna tahadhari hapa ambazo haziruhusu mzaha. Rimu iliyofuliwa ni imara na nyepesi kwa sababu chuma chake kimebanwa kwa nguvu kubwa mpaka chembe zake zikakaa sawa. Rimu iliyomiminwa kwenye kalibu inaweza kuwa nzuri, lakini inahitaji unene zaidi ili ifikie uimara ule ule. Ukiona rimu ya kumiminwa iliyo nyepesi kupita kiasi na ya bei ya chini kupita kiasi, wepesi huo umetoka mahali fulani, na kwa kawaida umetoka kwenye unene uliopaswa kuwepo. Rimu za Japani zilizokidhi kiwango hubeba alama ya JWL iliyo kwenye chuma chenyewe. Rimu iliyotumika izungushwe kwenye mashine ya balansi mbele ya macho yako, na upande wake wa nyuma usafishwe na kukaguliwa kwa tochi, hasa pale miguu ya rimu inapoungana na duara, kwa kuwa ufa huanzia hapo. Mwisho, hakikisha rimu ndogo inapita juu ya kalipa bila kugusa kabla hujalipa.

Uelewa huu wa juu na chini ya springi unaeleza pia kwa nini wanaovua vitu vya ndani huishia kulalamika kwamba gari linaruka. Ukitoa kilo 100 juu ya springi na kuacha magurudumu mazito yale yale chini, uwiano unaharibika: kitu kilichokuwa kinatikiswa kimekuwa chepesi, na kitu kinachokitikisa kimebaki kizito. Springi nazo zilichaguliwa kwa mzigo wa zamani, kwa hiyo gari linainuka na kuwa gumu. Anayeanza na magurudumu anaufanya uwiano huo uwe bora, na anapokuja baadaye kugusa vitu vya juu gari linakuwa limejiandaa.

Katika vya juu, niseme kwanza kosa nililolifanya mwenyewe. Nilishauriwa kuondoa plastiki zinazofunika ndani ya fenda, juu ya magurudumu ya mbele. Zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mizani ya mama wa nafaka ilizisoma kama kilo moja na kidogo kwa zote mbili, nami nikaona kilo moja ni kilo moja. Masika yakaja. Mwezi wa Aprili mlango wa dereva ulianza kutoa mchanga kila unapofungwa. Fundi bodi alilala chini ya gari, akachokoa kwa bisibisi tundu la kutolea maji lililoko chini ya kizingiti cha mlango, na udongo mwekundu uliogandamana ukaanza kudondoka vipande vipande kwenye karai, kama matofali mabichi yaliyovunjika. Tulipima karai: kilo 3 na robo, upande mmoja. Waya za taa ya mbele zilikuwa zimekwanguliwa na kokoto mpaka shaba ikaonekana, na kwenye mshono wa bati kutu ilikuwa imeanza. Plastiki zile zilikuwa zinazuia yote hayo kwa uzito wa nusu kilo kila moja. Nilizitafuta tena kwenye maduka ya spea za kukatwa na kuzirudisha kwa bei ambayo ingetosha kununua tairi.

Ndivyo ilivyo pia kwa zile bamba za lami zilizogandishwa kwenye sakafu ya gari. Watu huzitoa kwa kuzigandisha kwa barafu kavu na kuzigonga, na mavuno huwa kati ya kilo 5 na 10. Bamba hizo zinatuliza mtetemo wa bati, na pamoja na kapeti huzuia joto la ekzosi linalopita katikati ya gari lisifike kwenye miguu. Katika nchi ya baridi hasara ni kelele tu. Kwa safari ya mchana kutoka Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera, kilomita zipatazo 260, sakafu isiyo na kapeti wala bamba inachoma kupitia soli ya kiatu. Kompresa, kondensa na mabomba ya AC vinafika kilo 15 hadi 20, na hizo zinavutia kwa sababu ziko mbele kabisa. Lakini kuendesha hapa bila AC ni kuendesha vioo vikiwa wazi, na vioo vikiwa wazi vumbi la lori lililoko mbele linaingia kwenye mapafu ya abiria na kwenye kila kitufe cha dashibodi. Dereva aliyechoka kwa joto anakosea. AC ibaki.

Siti za mbele ni suala gumu zaidi, na hapo naelewa wanaotofautiana nami. Siti ya kiwandani ina kilo 15 hadi 20, zaidi kama inasogezwa kwa umeme, na siti ya spoti ya ganda moja inaweza kuwa na kilo 6 au 8. Ni faida ya kweli. Hata hivyo siti ni sehemu ya mfumo wa usalama: reli zake zimeundwa zistahimili kani ya ajali, kichwa cha mkanda kimefungwa kwake, na kwa baadhi ya magari mfuko wa hewa wa pembeni umo ndani yake. Ukiona soketi ya rangi ya njano chini ya siti, hiyo ni ya mfumo wa mifuko ya hewa, na haiguswi mpaka betri iwe imechomolewa na zaidi ya sekunde 90 zimepita. Anayetaka siti ya ganda anunue ile yenye reli zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli ya gari lake. Siti iliyoshikizwa kwa vipande vya flati ba vilivyochomelewa na fundi wa mageti, hata awe fundi hodari kiasi gani, sitakubali mtu ninayempenda aikalie.

Siti ya nyuma kwangu imebaki, na spea tairi imebaki pia. Spea ilikuwa kilo 14 na nusu. Mjini unaweza kuiacha nyumbani ukiwa na uhakika wa njia yako, lakini anayekwenda Kondoa au Babati jioni bila spea ameweka kilo 14 mbele ya usiku mzima barabarani. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi navyo ni uzito usiojadiliwa. Trafiki anavitaka, na hata asingevitaka gari la zamani lenye mipira ya mafuta iliyokomaa linavihitaji.

Betri ni sehemu ambayo fedha kidogo huleta faida ya haraka, ilimradi mtu asikimbilie mwisho. Betri ya lithiamu inaweza kuwa na kilo 4 au 5 badala ya 15 na zaidi, lakini haipendi joto kali, na chini ya boneti katika foleni ya mchana joto ni kali kweli kweli; tena altaneta ya zamani lazima ithibitishwe kwamba volti zake zinaifaa. Nilichofanya mimi ni kurudi kwenye betri ya kawaida ya ukubwa uliotajwa na kiwanda, nikapunguza kilo 5 bila kuingia hatari yoyote. Ekzosi ya chuma kisichoshika kutu, iliyotengenezwa kwa bomba jembamba na mafla ndogo, ilipunguza nyingine 8. Mafla isiondolewe kabisa. Kelele kubwa si wepesi, ni usumbufu kwa jirani mwenye mtoto mchanga na ni sababu ya kusimamishwa.

Boneti ya kaboni au faiba inapunguza kilo 7 hadi 10 juu ya ekseli ya mbele, na nikiri kwamba naitamani. Tatizo ni mawili. Jua la Dodoma linaichubua gundi ya juu haraka, inageuka njano na kupasuka isipopakwa klia nzuri ya kukinga miale. Na boneti nyepesi ya bei rahisi, ikifungwa kwa loki moja ya kiwandani, inaweza kupinda na kunyanyuka kwenye mwendo, kwa hiyo inahitaji pini mbili za pembeni. Vioo vya plastiki ngumu sivishauri kwa barabara; vumbi na waipa vitavichora mpaka taa za gari linalokuja usiku ziwe ukungu mtupu. Kioo cha mbele kisiguswe.

Flaiwili nyepesi, yaani lile gurudumu la chuma linalozunguka kati ya injini na klachi, hutajwa sana. Haishushi gari kwa kilo nyingi, pengine 3 au 4, ila kwa kuwa inazunguka kwa kasi ya injini, wepesi wake unahisika kwenye gia ya kwanza na ya pili kama kilo nyingi zaidi, na hisia hiyo hufifia gia zinapopanda. Uzito wa flaiwili ndio unaoituliza injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Mwenye gari la mjini atazimikiwa mara kwa mara akiondoka kwenye mwinuko, hasa AC ikiwa imewashwa. Ngoja siku unayobadilisha klachi, ndipo ufikirie, kwa sababu kazi ya kushusha giaboksi ni ile ile.

Vipo vyuma ambavyo havipaswi kuondoka kwa hoja yoyote. Ndani ya kila mlango kuna upau unaopokea pigo la ubavuni. Nyuma ya plastiki ya bampa kuna mhimili wa chuma unaoufikisha mgongano kwenye sehemu za bodi zilizoundwa kukunjika. Nimeona magari ambayo vyuma hivi vilikatwa ili kupata kilo 5, na mwenye gari akiwa bado amebeba subwufa. Breki nazo zinaingia hapa: uzito wa diski ni ghala la joto, na diski iliyochongwa nyembamba au kutobolewa matundu na fundi wa mtaani inapata moto upesi zaidi. Kwenye mteremko wa Nyang'oro, ukikaribia kushuka kuelekea Mtera, utahitaji kila gramu ya chuma hicho.

Mabadiliko ya bodi, siti na magurudumu yaelezwe pia kwa kampuni ya bima kwa maandishi. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa pande zote mbili, na badiliko lililofichwa ni njia rahisi ya dai kukataliwa.

Jumla yangu ilifika kilo 91 hivi: 52 za buti, 28 za magurudumu, 13 za betri na ekzosi, kasoro kilo mbili za vitu vidogo nilivyorudisha. Hazikufika 135, na sikuzilazimisha zifike. Kazi iliyobaki baada ya hapo ni ya kipimo. Nyuma ya gari ilikuwa imeinuka kwa milimita 9, na kemba, yaani mwinamo wa magurudumu kuelekea ndani au nje, ilikuwa imesogea nayo, kwa hiyo tairi zingelika upande mmoja bila mimi kujua. Alaimenti ifanywe baada ya uzito kutoka, nusu tangi ikiwa ndani, na mtu mwenye uzito wa dereva akiwa amekaa kwenye siti yake, kwa sababu hivyo ndivyo gari linavyokaa barabarani. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla jua halijapanda. Mimi nilianzia kwenye kiwango kilichobandikwa mlangoni, nikapunguza PSI 2 nyuma, na baada ya kilomita 1,000 nikaangalia jinsi tairi zilivyolika katikati na pembeni kabla ya kuamua kuziacha hapo.